Mtihani Ambao Kufuli Hakuutunga

Ukitaka kumjua mtoto huyu tunayemwita Kufuli, kaa naye kwenye benchi la duka la kutoa kopi wakati wateja wamepungua. Mimi hukaa. Sina shughuli nyingi siku hizi. Natoka kunyoosha miguu, nasalimia huyu na yule, mwisho wa yote miguu yenyewe inanifikisha pale. Ananiamkia, ananisogezea kiti chenye mto, halafu anarudi kwenye kompyuta yake.

Kutoa kopi ni kazi. Mapenzi yake ni kujua wezi wa mtandaoni wanaingiaje kwenye simu za watu, na mlango gani ufungwe wasiingie. Ana jukwaa lake huko mtandaoni, la watu wenye ugonjwa kama wake, na wanabishana humo utadhani wanagombea urithi. Lakini waliomchosha zaidi si wezi. Ni wale wanaomwandikia, "Dada, nisaidie kuingia kwenye simu ya mchumba wangu." Huwajibu wote jibu moja: "Mimi nafunga, sifungui." Jina la Kufuli likaanzia hapo.

Siku moja alinionyesha bwana mmoja aliyemtukana jukwaani kwamba mwanamke hajui lolote katika mambo haya. Bwana huyo aliweka na picha ya meza yake ya kazi, ajionee fahari. Kwenye kioo cha kompyuta yake kilibandikwa kikaratasi chenye neno lake la siri, linasomeka vizuri kabisa. Kufuli alimwandikia faraghani aiondoe. Akaiondoa, na shukrani hakutoa. Tulicheka mpaka mteja akadhani tunamcheka yeye.

Nyumbani alituwekea utaratibu wake. Siku yoyote, bila taarifa, alimtumia mmoja wetu ujumbe wa kitapeli aliouunda mwenyewe. Ukinasa, Jumapili tukishakula kwa shemeji yangu, vyombo vyote vyako. Tusiponasa hata mmoja, anaosha yeye. Mwanzoni tulinasa kama samaki. Mimi niliwahi kushinda friji kutoka kampuni isiyokuwepo. Baadaye tukaerevuka, na mtoto akawa ndiye wa kusimama kwenye sinki, Jumapili baada ya Jumapili. Shemeji alikuwa akimtazama kwa huruma.

Shemeji huyu ni mjane wa mdogo wangu, na kwa Kufuli ni mama mkubwa. Marehemu alikuwa hapendi kuandika. Akiwa kazini alimtumia mkewe sauti: nimechelewa, nimefika, usinisubiri kula. Simu ya zamani ilipoanza kufa, Kufuli alizihamisha sauti zile kwenye akaunti ya mama mkubwa wake ya mtandaoni. Alitaka kuweka na nakala kwenye flashi, shemeji akakataa. "Sauti ya mume wangu haitembei mifukoni mwa watu," alisema. Basi zikabaki mahali pamoja tu. Alasiri, akimaliza kazi zake, anakaa kwenye kochi na kusikiliza moja. Moja tu, asizichakaze, ndivyo anavyosema.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa na shemeji. Simu ikalia. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti: akaunti yako imeingiliwa, tuma sasa hivi namba uliyopokea, la sivyo kila kitu kitafutwa. Na kweli, namba ilikuwa imeingia kwenye ujumbe mwingine.

"Huyu ni Kufuli," akasema, anatabasamu.

"Mwache aoshe vyombo," nikamwambia.

"Ah, shemeji, na wewe huna huruma. Mtoto kachoka. Leo namwachia ashinde."

Akaituma ile namba, akiiandika kwa kidole kimoja. Mimi nikaona ni jambo la kufurahisha. Nikachukua fimbo yangu, nikaenda dukani nikaione sura ya mshindi.

Nilimkuta akipanga karatasi za mteja. "Hongera," nikamwambia. "Mama mkubwa wako kanasa. Namba kakutumia."

Mikono yake ikasimama. "Namba gani, mzee?"

"Si ya mtihani wako?"

"Mimi sijatuma mtihani."

Nimeona watu wakipokea habari za msiba. Uso ulikuwa ule ule. Alikwishachukua simu, anapiga, ameiweka sauti ya juu huku anatafuta viatu alivyokuwa amevua chini ya meza.

"Mama mkubwa, usitume kitu kingine. Huyo ni mwizi."

"Swali kwanza," akajibu shemeji. Tulikuwa na swali la familia, Kufuli mwenyewe ndiye aliyelitunga, ili mtu asije akajifanya ndugu yetu kwenye simu. "Baba mkubwa wako alimwitaje paka?"

"Mwenyekiti. Mama mkubwa, sikiliza—"

"Basi ni wewe kweli," shemeji akacheka. "Na kama ni wewe, huu ndio mtihani wenyewe. Umeona nimenasa wa kwanza, unanijaribu kwa wa pili. Nakujua, mwanangu." Akakata.

Akapiga tena. Haikupokelewa.

"Kuna namba ya pili," Kufuli akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Ile ya siri, aliyoichagua mwenyewe. Ataombwa na hiyo. Akiitoa wanaingia, wanamfungia nje, wanafuta."

"Zile sauti?"

Alikuwa ameshatoka. Mteja akaita, "Kopi zangu je?" Nikamwambia kaa, mwangalizi wa duka ni wewe, nikamfuata.

Mimi si wa kukimbia tena. Nilimwona kwa mbali akikata kona ya fundi viatu, karatasi za watu bado ziko mkononi, nami nyuma na fimbo. Fundi viatu akaniuliza, "Mzee, kuna moto?" Nikampungia fimbo, nikapita. Nilikuwa nawaza kochi lile tupu alasiri, na shemeji hana cha kusikiliza.

Nilipofika mlangoni, Kufuli alikuwa amepiga magoti mbele ya kochi.

"Umeituma ya pili? Mama mkubwa, niambie tu."

Shemeji hakucheka tena. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. "Simu nimeikalia," akasema.

"Umeikalia?"

"Aliiomba. Nikaanza kuandika. Akaniambia fanya haraka, mama. Mara akarudia, haraka, unachelewa. Nikajiuliza, mtoto huyu tangu lini ananikimbiza? Wewe ukinifundisha simu unangoja mpaka nimalize na kuvaa miwani. Nikaizima nikaikalia."

Kufuli akaitoa simu chini yake, akaiwasha. Akakosea neno la siri, akaanza upya. Tulimsimamia. Akabadilisha hiki, akafunga kile, akamfukuza mgeni aliyekuwa anasukuma mlango. Kisha akamrudishia mama mkubwa wake. "Jaribu moja."

Shemeji akabonyeza. Mdogo wangu akasema, kwa ile sauti yake ya mafua, "Ulizima maji kule nje? Angalia, maana mimi sikuzima."

Kufuli alikuwa amejifunika uso kwa karatasi za mteja.

"Mitihani imekwisha," akasema mwishowe. "Ni mimi niliyewazoesha mchezo."

"Haijaisha," shemeji akasema. "Ila ukitunga, uwe unanikimbiza, nizoee. Na hiyo flashi yako, ilete. Itakaa kabatini mwangu, si mfukoni mwa mtu."

Jumapili walibishana nani aoshe. Shemeji alisema amenasa. Kufuli alisema mtihani haukuwa wake. Wakaosha wote wawili, mimi nikapewa kitambaa cha kukaushia, na kwenye dirisha la jikoni simu ilikuwa inasema kwa sauti ya mdogo wangu, ya pili kusikilizwa siku hiyo, "Nimechelewa, usinisubiri kula."