Muuza Diski Nzito

Muuza diski wa mtaa wa Makiso hasomi kasi iliyoandikwa kwenye diski. Hupangusa kiganja kwenye shati, huilaza humo diski ya SSD ya kuhifadhia data, hufumba macho kama anayeonja chumvi. "Ya muzito njo inaishi, mama," humwambia kila mteja, yaani nzito ndiyo hudumu. Rachida alimwamini, akanunua moja, akaifunga kwenye seva yake ya nyumbani, kompyuta ya kutunzia mafaili, akahamishia humo sauti za marehemu baba yake, kisha akafuta nakala za zamani. Leo diski haina kitu, naye ameirudisha. Muuzaji akaibandua kwa kisu: ndani, badala ya SSD halisi, kadi ndogo ya kumbukumbu na kipande cha chuma kilichogundishwa ili kuongeza uzito. 

"Tonton," Rachida akamwita, kama anayemwita mjomba, "hii njo nini? Sauti ya papa iko wapi?"

Muuzaji aligeukia rafu yake. Alishusha diski zake zote, akazipasua mbele ya wateja, na kila moja ilitoa chuma.