Dawa Niliyokunywa Mlangoni Kwangu

Watu wanaosimulia vita vya Majimaji hupenda kujifanya walikuwa majabali. Mie sisemi uongo. Siku ile niliogopa mpaka nikautupa mchi, mpunga ukabaki kinuni nusu umetwangwa.

Tulikaa nje kidogo ya Mohoro, kando ya mkono wa mto unaojaa na kupwa pamoja na bahari. Nyumba aliniachia marehemu mama. Mume wangu alikuwa mwalimu wa chuo, akisomesha Kurani, na msikitini ndiye aliyekuwa akisalisha. Mtu mpole, mbishi kupita kiasi.

Asubuhi hiyo mwanamume mmoja aliingia uani kwetu akitambaa. Mtu mzima, mpishi wa mapadri wa Kidachi wa huko milimani kusini, nyayo zimechanika kwa miiba, rozari shingoni. Wapiganaji walikuwa wamechoma misheni na walikuwa wakimfuata. Aliomba avushwe ng'ambo, ashike njia ya Mbwera. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, mtumbwi wetu umekaa juu ya tope, na hakukuwa na kuvuka mpaka alasiri.

"Ngojea ndani," mume wangu akamwambia. "Uko katika amani yangu."

Ati amani! Nikamvuta pembeni. "Wee mwanamume, watatuua."

"Huenda," akasema.

Haukupita muda, majirani wakajaa barazani. Mmoja wao, mzee mwepesi wa akili, akaona njia. "Jambo dogo hili. Atamke shahada, tumvishe kanzu na kofia, rozari itupwe mtoni. Wakija watamkuta Mwislamu." Na kweli, wapiganaji hawakuwa na ugomvi na sisi. Wengi walikuwa ndugu zetu, waliochoka kulimishwa pamba ya Wadachi kwa viboko. Mpishi akafungua kinywa palepale atamke. Mume wangu akamziba kwa kiganja.

"Usitamke. Huamini, unaogopa tu."

Kisha, katika balaa lile, akaanza kutusomesha! Akatuhadithia habari za khalifa wa pili baada ya Mtume, alipoingia Baitul Makdisi, yaani Yerusalemu, mji ulipokwisha kusalimu amri. Wakati wa sala ulimkuta ndani ya kanisa, na mkuu wa Wakristo akamkaribisha kusali humohumo. Akakataa, akatoka akasali nje, kwa kuhofia kwamba Waislamu wa baadaye wangelichukua kanisa lile kwa kisingizio kuwa kiongozi wao alisali pale. Akawaandikia Wakristo amani ya roho zao, mali zao na makanisa yao, wala mtu asilazimishwe kuacha dini yake.

"Alikuwa na nguvu zote na hakumlazimisha mtu," akasema. "Mimi nimlazimishe huyu kwa mikuki ya wengine?"

Nilishindwa kunyamaza. "Khalifa alikuwa na jeshi nyuma yake! Wewe una nini? Una mbuzi wawili na mimi!"

Majirani wakaondoka mmoja mmoja. Nikabaki nachungulia mtoni. Maji yalikuwa yanapanda polepole, yanalamba tope, mtumbwi bado haujatikisika. Kila mbwa akibweka nakimbilia mlangoni.

Wapiganaji wakaja kabla ya alasiri. Walikuwa wengi, na kiongozi wao alibeba kibuyu cha dawa, ile waliyoambiwa kwamba inageuza risasi kuwa maji. Mume wangu alikuwa ameketi mkekani barazani na mpishi ubavuni mwake. Hakumficha hata kidogo.

"Nani huyo?"

"Mgeni wangu. Mkristo. Nimempa amani."

Loh! Nikarudi nyuma ya mlango.

Kiongozi akafikiri. "Anayemweka mtu wa Wadachi naye ni wa Wadachi. Kama nyumba hii iko upande wetu, maalimu, kunywa dawa. Ukinywa, tutakuachia mgeni wako."

"Dawa yenu ni ahadi kwa mzimu. Siwezi kuahidi nisichokiamini."

Mkuki ukawekwa kooni mwa mpishi. Akafumba macho, midomo ikimcheza. Mume wangu aliloa jasho, lakini hakunyoosha mkono. Nikamchukia wakati ule, nakiri. Nikatoka ndani mbio, kanga inanidondoka.

"Huyo ni mume tu," nikasema. "Mwenye nyumba ni mimi. Nipeni mimi."

Wakacheka. Kiongozi akaninyooshea kibuyu. Nilikunywa maji yenye mafuta ya mbono na chembe za mtama, yakinikwama kooni, na moyoni sikusema lolote, la Mungu wala la mzimu. Niliogopa tu. Wakanipaka mengine kwenye paji la uso, wakaenda zao.

Maji yalipojaa mume wangu alimvusha mpishi. Mimi nilibaki nikijisugua paji la uso kwa mchanga. Jirani wa kike aliyekuwa akiniomba moto kila siku alipita mlangoni bila salamu. Nikasikia wanaume wakisema njiani kwamba nimekufuru, na kwamba maalimu hawezi kuwasalisha akiwa na mke kama mimi.

Wakati wa magharibi mume wangu alirudi, adhana ikiadhiniwa. Nilikuwa nimesimama kando ya mkeka wangu wa sala, naogopa kuukanyaga. Akatia udhu, akautandika wake mbele ya wangu.

"Wanakungoja msikitini," nikamwambia.

"Watapata mwingine. Simama nyuma yangu."

"Na kama nimekufuru?"

"Hilo sikukuuliza," akasema. "Nakuuliza, uko tayari?"

Nikaangua kilio. Akangoja, uso ameuelekeza kibla, adhana imekwisha, wenzake wameshaanza kule. Nikapanda juu ya mkeka. Ndipo akapiga takbira.