Uwanja wa Kuchomea Vyungu

Uwanja wetu tuliupoteza kwa usafi. Kila nikilisema jambo hili roho inaniuma, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Huku Matema wanawake wa Kikisi huchoma vyungu nje, kwenye mchanga karibu na ziwa, mbali na mapaa ya nyasi. Vyungu hupangwa chini, vikafunikwa kwa kuni na nyasi kavu, moto ukawashwa. Vikishapoa, majivu huzolewa na uwanja hufagiliwa mpaka usione hata kipande cha mkaa. Kuuacha mchafu ni aibu.

Siku wapima ardhi walipokuja kupanga kijiji kiwe mji, mama na wenzake waliamka wakaufagia kuliko siku zote. Wageni wanakuja! Hata vigae vya vyungu vilivyovunjika walivificha nyuma ya migomba. Mkubwa wa wapima akasimama katikati, akashukuru kwa lugha ya huku, akasifu.

"Ndaga, mama. Hapa pako safi. Ni pa nani?"

"Ni petu sote, baba," mama akajibu kwa adabu. Nani angejigamba mbele ya mgeni kwamba ni pake?

Basi. Kwenye ramani pakaandikwa eneo la wazi, na baadaye eneo la wazi likageuka eneo la hoteli. Nyumba zetu zikawa eneo la makazi, ambako kuchoma vyungu ni marufuku kwa sababu ya moshi. Nilikwenda kulalamika, nikaambiwa tungesema mapema. Tungesema nini, na ushahidi tulikuwa tumeuzoa kwa mikono yetu? Niliwachukia wale watu, na ufagio nikauchukia pia.

Hoteli ilipokamilika pale uwanjani, msimamizi wake alimfuata mama. Alitaka vyungu vikubwa vya kupamba lango, vya asili kabisa. Mama akafinyanga, akavipaka udongo mwekundu, akavisugua vikang'aa. Akavipeleka bila kuvichoma.

"Mama, hivi vimeiva kweli?" msimamizi akauliza.

"Nichomee wapi, baba? Uwanja mnao ninyi."

Yule bwana akadhani anataniwa, akavipanga langoni. Mvua za huku Kyela mnazijua. Iliponyesha, vyungu viliporomoka vyote, lango likajaa tope jekundu na wageni wakawa wanaruka ruka na mabegi yao.

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Mama hakucheka. Alisema vilikuwa vyungu vizuri kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, na tangu siku hiyo hajagusa udongo.