Kifuniko cha Rejeta

Asubuhi ile gari lilikuwa uani, boneti juu. Mama watoto akatoka na dumu mkono mmoja, kitambaa mkono wa pili.

"Umeliwasha?"

"Kidogo tu."

"Kidogo chako nakijua. Kaa hapo."

Mzee akakaa. Mkono wake wa kulia una kovu toka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Aliwahi kufungua kifuniko cha rejeta gari likiwa limechemka, maji yakamrukia kama yametumwa. Tangu hapo mkewe akapiga marufuku. Miaka ishirini na sita kifuniko kile hakikuguswa na mtu mwingine.

Mkewe alikuwa mpiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mvuke aliujua. Pasi za kazini zilikuwa zikiziba matundu kwa chumvi ya maji ya bomba, ndiyo maana gari lake lilinyweshwa maji ya mvua tu, tena ya kuchujwa. Dumu alilifunga uzi mwekundu. Shemeji mmoja alinawia miguu maji hayo, akasemwa mpaka akaaga kabla ya chakula.

Basi mama watoto akamenya viazi, injini ipoe. Alipomaliza akaweka mgongo wa mkono juu ya kifuniko, kama anayepima homa ya mtoto. Akabinya mpira wa maji wa juu, akabinya wa chini. Akafungua robo, akasikiliza. Akafungua chote, akachovya kidole. Kilitoka na wekundu wa kutu.

"Jumamosi tuyamwage yote," akasema. Akaongezea kidogo, akafunga, akaenda kazini.

Alhamisi alianguka kwenye meza ya pasi. Kufika wodini ni kuvuka ua tu. Hakufika.

Gari likakaa miezi mitatu. Mkwe wao, ambaye ni fundi, akaja akachungulia chini.

"Baba, maji haya yanakula rejeta, yatakula na injini. Ukiliacha hivi utapata banda la kuku. Niyamwage?"

"Usiguse."

"Ni maji tu, Baba."

"Aliyatia yeye."

Mkwe akajifuta mikono, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mama angekuta gari lake na kutu hivi, angetuchapa na kitambaa, mimi na wewe."

Mzee akaguna. Mkwe akaaga.

Alipoondoka, mzee akaleta beseni, akafungua koki ya chini. Maji yakadondoka matone machache, yakakoma. Kifuniko cha juu kisipofunguliwa hewa haiingii, na maji hayashuki. Hilo alilijua. Akasimama pale.

Kisha akaingia ndani, akatoka na viazi. Vitatu. Akavimenya polepole, na injini ilikuwa haijawashwa tangu mazishi. Akaweka mgongo wa mkono juu ya kifuniko. Baridi. Akafungua robo, akasikiliza. Kimya. Akafungua chote.

Maji yakashuka kwenye beseni, mekundu. Akayamwaga nje ya uzio. Akafunga koki, akachukua dumu la uzi mwekundu, akajaza.

Siku ile alipoungua, mkewe hakumfokea. Alimfunga bendeji, akakata uzi kwa meno, akasema:

"Siku nyingine usifungue mpaka nikwambie."