Nyange Ambao Hawakuandikwa

Siku ya kwanza ya kazi kwenye uwanja wa ndege, baba yangu alipewa koti la rangi ya machungwa, redio ya kuongea na mnara, na daftari dogo la mfukoni. Mkuu wa Piste wa wakati ule, mzee mkali aliyependa kuongea huku anaangalia chini, alimpeleka mwanzo wa piste, ile njia ya lami ambayo ndege hukimbia juu yake kabla ya kuruka. Akamwambia atembee mpaka mwisho. Si kwa gari, kwa miguu. Baba aliporudi jasho linamtoka, mzee akamwuliza ameona nini. Akajibu kwamba hakuona kitu.

"Rudia," mzee akasema. "Mutu asiyeona kitu kwa piste, ni vile hajaangalia."

Akarudia. Safari hiyo alikuja na nati moja, vipande vya mpira wa tairi, na nyange aliyekufa.

Ninaandika haya mimi, mtoto wake wa mwisho, kwa sababu Baba amestaafu mwaka huu na hakuna aliyemwuliza yaliyompata. Mimi darasani hata jina langu nalisema chini chini. Kwenye karatasi siogopi, na kwa jambo hili nina hasira.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkaguzi wa piste hupita asubuhi kabla ya ndege ya kwanza, hupita tena baada ya mvua, na tena kabla jua halijazama. Anatafuta nyufa, taa zilizovunjika, maji yaliyotuama, maana upande wa Buterere, mtaa wa jirani, ardhi iko chini na maji hayana pa kwenda. Zaidi ya yote anawatafuta nyange, wale weupe wanaofuata mashamba ya mpunga. Nyange akivutwa ndani ya injini wakati ndege inaruka, injini inaweza kuzimika, na ndani mna watu. Baba aliandika kila kitu mara mbili: kwanza kwenye daftari la mfukoni akiwa bado ndani ya pikapu, kisha ofisini kwenye rejista kubwa, akasaini. Aliandika nyange ni wangapi, wako upande gani, na mpunga umefikia wapi, kwa sababu aligundua kwamba wakati wa kuvuna ndipo wanapohamia kwenye nyasi za piste. Hilo hakufundishwa na mtu.

Baadaye walimpeleka ofisi ya matangazo kwa marubani, inayotuma habari kwamba taa fulani haiwaki au kipande fulani cha piste kimefungwa. Alikaa huko miaka, akarudi piste akiwa kiongozi wa zamu. Akakuta kuna bosi mpya, Mkuu wa Usalama wa Uwanja. Huyu alipenda karatasi safi.

Ndipo ikaja barua kutoka ofisi ya kanda, iliyoko Nairobi. Nieleze kidogo. Nchi zinazopokea ndege za kimataifa zimekubaliana viwango vimoja vya usalama, na ofisi ya kanda kazi yake ni kuzisaidia nchi za upande huu kuvifikia. Inatuma wataalamu, inafundisha, inaonyesha kasoro mapema na kusaidia kuandika mpango wa kuzirekebisha, kabla wakaguzi wakubwa hawajafika. Baba anasema ni kama mwalimu anayepitia daftari lako kabla ya mtihani. Sasa niambieni, nani anamficha makosa mwalimu wa namna hiyo?

Mkuu wa Usalama alimficha. Aliagiza rejista mpya, miezi sita inakiliwe upya kwa mwandiko mzuri. Kila siku ambayo Baba alikuwa ameandika nyange, pakaandikwa RAS, kifupi cha Kifaransa cha kusema hakuna la kuripoti. Kisha akamwita Baba asaini.

Baba akamwambia, "Shefu, nyange walikuwako."

"We unataka tupate haya mbele ya wageni? Saini, papa. Ni karatasi tu."

"Apana. Mi siwezi kusaini kitu ya uongo."

"Basi hayo macho yako tutayapeleka depo. Kule hakuna nyange, kuko fagio tu."

Kesho yake Baba alikuwa depo ya vifaa, Zone Industrielle, eneo la viwanda mbali na piste.

Mtaalamu wa ofisi ya kanda akaja, mwanamke aliyezungumza taratibu, akapewa rejista mpya. Chini ya kila ukurasa palikuwa na jina la baba yangu na saini yake, imeigwa. Juma, dereva wa pikapu ya piste, ndiye aliyekuja nyumbani kutuambia kilichotokea. Mgeni alisoma, akatazama dirishani, akawaona nyange wanatembea kwenye nyasi. Basi akaandika katika ripoti yake ya awali kwamba mkaguzi mwenye jina hilo haijui kazi yake, arudishwe mafunzo ya mwanzo.

Baba hakula. Mama alimwomba anyamaze, akasema mtu anayengoja kustaafu hapigani na shefu. Baba akasema angenyamaza kama wangemwita mkaidi, au mzee. Lakini kuitwa mtu asiyeona piste, hapana. Siku ya mwisho ya ziara alipiga pasi shati mwenyewe, akaweka madaftari ya mfukoni kwenye mfuko wa kitambaa, akaenda kwenye mkutano wa kumalizia.

Juma alikuwa nje ya mlango, akasikia yote. Mkuu wa Usalama akawahi kumwambia mgeni kwamba huyu ni mfanyakazi wa depo tu, amepotea njia.

"Ni mimi mwenye jina iko kwa rejista," Baba akasema, na akayaweka madaftari mezani.

Yule mwanamke alilinganisha tarehe moja, ya pili, ya tatu. Akauliza nani aliyesaini rejista. Mkuu akajibu kwamba ni kosa la kunakili. Kosa la kunakili, kila siku, kwa miezi sita.

"Sikuja kumfunga mtu," mgeni akasema. "Ofisi yetu haina polisi. Lakini siwezi kuusaidia uwanja unaonificha mahali unapoumwa."

Akaifuta ile sentensi ya mafunzo. Kwa madaftari yale ya Baba wakaandika mpango: nyasi zikatwe kwa kipimo gani, doria iongezwe lini, wakulima wa Buterere wawe wanatoa habari kabla ya kuvuna. Juma anasema nyange wamepungua kweli. Na nani aliyepelekwa Nairobi kusomea mpango huo? Mkuu wa Usalama. Cheti chake kiko ukutani, ndani ya kioo. Baba alibaki depo mpaka mwisho, akiwapa vijana makoti ya mvua.

Mwezi uliopita walimfanyia sherehe ya kumuaga. Mkuu akamsifu kuwa mtumishi mtiifu wa depo, kisha akamwuliza kama ana neno.

"Naomba kitu kimoja," Baba akasema. "Ile rejista, mukate jina yangu."

Watu wakacheka, wakidhani anatania. Mkuu akasema rejista imeshafungwa, iko kwenye nyaraka, na wakaendelea kugawa Fanta. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango na sikusema neno. Hilo sijajisamehe.

Baba mwenyewe hana hasira kama yangu. Anataka tu vijana wanaoingia kazi hii wajue kwamba kuandika kasoro si kuichafua nchi, na kwamba abiria anasinzia kwenye kiti chake kwa sababu kuna mtu asubuhi aliandika ukweli. Sawa. Lakini mpaka leo, kwenye kabati fulani, jina lake linasema kwamba kwa miezi sita hakuona nyange hata mmoja. Aliwaona. Aliwahesabu. Aliwaandika.

Leo nilimpa kurasa hizi, mtu wa kwanza kusoma kitu changu. Alivaa miwani, akasoma zote polepole bila kuruka mstari, kisha akaomba kalamu, akasaini chini ya kila ukurasa.