Ng'ombe Wanane wa Mbao na Saksafoni ya Baba

Fundi aliyechonga ile bembea hakuwahi kumwona farasi, ndiyo maana watoto wa kwetu walipanda ng'ombe. Mimi nilipanda siku moja tu, na ingekuwa heri nisingepanda.

Alikuwa fundi wa mitumbwi. Wakubwa wa kiwanda cha nguo walimpelekea picha iliyokatwa gazetini, bembea ya Ulaya yenye farasi wanaozunguka, wakamwomba atengeneze kama ile kwa ajili ya bustani ya wafanyakazi. Inasemekana aliitazama sana, kisha akasema, "Huyu mnyama sijui miguu yake inavyojikunja. Nisije nikawaaibisha." Akachonga ng'ombe wanane kwa mbao zile zile za mitumbwi, akawapachika pembe za kweli kutoka machinjioni, na kila mmoja akampaka rangi ya ng'ombe aliyemkumbuka kwao. Katikati alisimamisha ekseli ya lori. Injini haikuwepo. Wanaume wawili walishika boriti ndefu wakasukuma huku wakizunguka, na ng'ombe wakazunguka nao, wakilia kwenye maungio kama mlango wa ghala.

Bustani ilikuwa ufukweni, ukielekea Butimba. Kila Jumapili, watu wakishatoka kanisani na kula, bendi ya kiwanda ilipiga pale mpaka jua lizame. Siku sita baba alikuwa kwenye mashine za kufuma, siku ya saba alipuliza saksafoni. Wanabendi wote walivaa mashati ya kitambaa kimoja, walichokifuma wao wenyewe. Mama alilipiga pasi shati la baba tangu Jumamosi na kulitundika mlangoni, nasi tulipita chini yake tumeinamisha vichwa, kama mtu anayempisha mgeni.

Mimi nilikuwa na aibu ya kuzaliwa nayo. Foleni ya kwenda kwa Ng'ombe haikuwa foleni, ilikuwa viwiko, na viwiko sikuwa navyo. Nilisimama kwenye uzio nikimtazama ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Wasukumaji walinizoea.

"Binti wa saksafoni, unawakagua? Hao ndio mahari yako nini?" mmoja alipenda kusema. "Panda basi!"

Watoto walicheka, nami nikakimbilia nyuma ya jukwaa.

Baba alijua. Kati ya wimbo na wimbo alipuliza sauti tatu fupi, mbili za chini na moja ya juu. Watu walidhani anajaribu chombo. Maana yake ilikuwa: mama, uko wapi, njoo nikuone. Nikisikia, nilisogea mpaka macho yake yanipate, basi, kisha akaendelea na kazi yake. Nyumbani hatukuwa watu wa kuzungumza, mimi na baba. Sauti zile tatu ndizo zilikuwa mazungumzo yetu ya wiki nzima.

Halafu soko likafunguliwa kwa bidhaa za nje. Mitumba ikaja kwa marobota, shati la Ulaya likawa rahisi kuliko kitambaa cha kiwanda ambacho bado hakijashonwa. Kiwanda kikaanza kufanya kazi zamu mbili, kisha moja. Tukasikia neno jipya, kubinafsisha, na watu wazima walilitamka kwa uangalifu, kama jina la ugonjwa. Bustani ikakodishwa kwa mfanyabiashara aliyetoka Magu, mtu aliyeanza kwa kununua pamba kwa wakulima. Bendi ikaitwa na meneja ikaambiwa: vyombo ni mali ya shirika. Mkiwa na mahali pa kupigia, endeleeni kuvitumia. Mkikosa, virudi stoo.

Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa yule bwana wa Magu. Siku alipokuja bustanini na maspika yake, marefu kama makabati ya nguo, nilikuwa nimekaa ngazini jukwaani. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alimwinamia baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu."

"Nimeshakaribia, mzee, ndiyo shida yenyewe." Alicheka. "Nyinyi mna bendi, mimi nina disko. Na bustani ni moja."

"Kwa hiyo unatufukuza."

"Nikufukuze wewe? Mimi na wewe ni Wasukuma. Ngoma mbili zikikutana uwanja mmoja, kwetu hufanywaje?"

Baba alijua, na mimi nilijua, kwa sababu tulikuwa tumesimuliwa. Kule kwetu ngoma mbili hupigwa siku moja, saa moja, uwanja mmoja, moja huku na nyingine kule, na watazamaji hutembea wanakovutwa. Hakuna mwamuzi. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, na aliyekimbiwa hufunga ngoma zake akaenda zake. Babu yake baba alikuwa manju, kiongozi wa kuimbisha ngoma, na ukoo wetu wote ulijua habari ya siku alipomwacha mpinzani wake akiwaimbia wake zake tu.

"Jumapili ijayo," yule bwana alisema. "Jua likizama tutazame watu wamesimama wapi. Ukinishinda, bustani ni yenu kila Jumapili, naapa. Na kwa kuwa wewe ni mkubwa, chagua upande."

Mpiga tumba, aliyekuwa Mkerewe, alimvuta baba shati. "Kaka, achana na mambo yenu ya kijijini. Mashine haichoki."

"Haichoki," baba alisema, "lakini haimjui mtu. Mimi nikimwona mwalimu yule wa Butimba ameingia, najua wimbo gani utamwinua kwenye kiti."

Akaufanya uchaguzi wake kama ambavyo babu yake angeufanya: akaangalia upepo. Mchana upepo wa kwetu hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Mwenye kupiga akiwa upande wa maji, mlio wake hubebwa bustani nzima, na wa mwenzake hurudishwa barabarani. Baba akachagua upande wa maji.

"Umechagua vizuri, mzee," yule bwana alisema.

Upande uliobaki, wa langoni, ndiko walikokuwa Ng'ombe. Baba hakulifikiria hilo. Katika viwanja vya kijijini hakuna bembea.

Nyumbani mama alicheka aliposikia. "Babu yako alikuwa na dawa ya kuvuta watu. Wewe una nini?"

"Nina saksafoni."

"Haya. Ngoja nikupigie pasi."

Jumapili ile watu walifurika, habari ilikuwa imeenea. Mwanzoni karibu wote walikuwa upande wa maji. Hesabu ya upepo ilikuwa sahihi: bendi ilisikika mpaka barabarani, na maspika ya langoni yalitoa kishindo tu, maneno hayakufika. Niliona watu wazima wakicheza wamevaa mashati yao ya mitumba, na baba akimwita huyu na yule kwa wimbo wake, kama alivyosema. Mama alikuwa mbele kabisa. Nilifikiri tumeshinda.

Jua lilipoanza kuelemea ziwa, yule bwana akashika kipaza sauti. "Watoto! Ng'ombe leo ni bure! Bure mpaka jioni!"

Ilikuwa kama kumwaga mtama mbele ya kuku. Watoto walitoka mbio. Mama zao wakawafuata, maana wadogo lazima washikwe wasianguke. Baba zao wakasimama kidogo, wakatazamana, wakawafuata wake zao. Nami nilikwenda. Sikwenda kupanda. Nilikwenda kusimama kwenye uzio wangu kama kila Jumapili.

Yule bwana alipita katikati ya watoto akawa anawapanga. Akaniona.

"Wewe ndiye binti wa saksafoni, siyo?"

Nilishika uzio.

"Unampenda yupi?"

Nadhani nilimtazama yule mwekundu. Akamteremsha mtoto aliyekuwa amekaa juu yake, akanishika kwapani, akanipandisha mbele ya watu wote. "Leo hakuna kusukumana," alisema. Nimefikiria sana kama alijua anachokifanya. Mtu aliyenunua pamba miaka yote ile, akiwasoma wakulima usoni kabla hajagusa mizani, hawezi kuwa hakujua.

Wasukumaji wakaanza. Ng'ombe akanyanyuka kidogo na kushuka, kwa sababu boriti ilikuwa na kilema, na hicho kilema ndicho kilichofanya uhisi mnyama anatembea. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Pembe zilikuwa za baridi na laini mahali mikono ya watoto ilipokuwa imezisugua miaka yote. Upande mmoja wa mzunguko niliona maspika, upande wa pili nikaona ziwa, jukwaa, na baba. Kila nilipozunguka, uwanja mbele yake ulikuwa mtupu zaidi. Mzunguko mmoja niliona watu ishirini hivi. Mwingine nikamwona mwalimu wa Butimba akiinuka kwenye kiti, lakini akielekea langoni. Mwingine nikamwona mama peke yake, akicheza kwa nguvu, mikono juu, kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Ndipo baba akapuliza zile sauti tatu.

Hakuwa kati ya wimbo na wimbo. Aliziingiza ndani ya wimbo, na mpiga gitaa akageuka kumtazama. Mbili za chini, moja ya juu. Nikazunguka. Akapuliza tena. Ili nishuke, ilinipasa niwapigie kelele wasukumaji wasimame, na watoto wote wangegeuka kunitazama. Akapuliza mara ya tatu, akiwa ameugeuza mdomo mpana wa saksafoni moja kwa moja kwangu. Nilishika pembe, nikainamisha kichwa.

Jua likazama. Wala hapakuwa na haja ya kutazama watu wamesimama wapi. Baba alishuka jukwaani na sanduku lake, akaja mpaka kwenye uzio. Bwana wa Magu akampa mkono, baba akaupokea, kwa sababu ndivyo ilivyo, aliyekimbiwa hagombani.

"Shuka twende," akaniambia.

Njiani mpiga tumba alijaribu kutuchekesha. "Kaka, tumeshindwa na ng'ombe wa mbao! Wangekuwa wa nyama ningeelewa." Hakuna aliyecheka. Nyumbani nilimsikia baba akimwambia mama kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hata wangu alikuwa upande ule."

"Ni mtoto," mama alisema. "Mtoto na bembea."

"Kwetu mtu huhesabiwa aliposimama."

Asubuhi yake alikwenda kuirudisha saksafoni stoo. Aliisugua kwanza kwa kipande cha kitambaa cha kiwanda. Akachomoa kijiti cha mwanzi, kile kidogo cha mdomoni, kwa sababu alikuwa amekinunua mwenyewe, akakitia mfukoni. Vyombo vile viliuzwa pamoja na mashine, sijui kwa nani. Kiwanda kilifungwa mwaka uliofuata. Baba akapata kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, na mikono iliyokuwa ikinukia pamba na mafuta ya mashine ikaanza kunukia samaki ambao sisi wenyewe tulikula vichwa tu.

Disko nalo halikudumu. Meza za bia zilihitaji nafasi, na Ng'ombe wakaambiwa wanaziba. Ekseli ikauzwa ikawa ya mkokoteni. Ng'ombe wenyewe walipasuliwa wakawa kuni za nyama choma. Mbao za mitumbwi zina mafuta, zinawaka vizuri. Baadaye akaja tajiri mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, akamtoa bwana wa Magu bila kumshindanisha na mtu yeyote, akajenga ukuta mpaka majini. Siku hizi ukipita huoni ziwa. Unasikia muziki, lakini kuna mlinzi langoni anayekutazama viatu. Wanaosema tulipata uhuru wa kuchagua, sijui walikuwa wamesimama upande gani wa ukuta.

Mimi nilimaliza darasa la saba, nikajifunza kushona. Sasa natengeneza mitumba, napunguza viuno vya suruali za watu nisiowajua. Ni kazi inayomfaa mtu asiyependa kusema.

Mwezi uliopita tulikuwa tunarudi na baba kutoka stendi ya Nyegezi kumsindikiza shangazi, tukapita kando ya ule ukuta. Baba alisimama apumzike. Amezeeka upesi. Akaniuliza bila kunitazama, kama mtu anayeulizia bei ya mchicha.

"Siku ile. Nilikuita. Ulisikia?"

Miaka saba alikuwa ameliweka swali hilo.

"Sikusikia, baba. Yale maspika yalikuwa makubwa."

Akatikisa kichwa kukubali, taratibu, mara kadhaa. Niliona mabega yake yakishuka.

"Nilijua," alisema. "Upepo ulitugeuka. Nilimwambia mama yako, upepo uligeuka jioni ile, la sivyo ungesikia, ungekuja."

"Ndiyo, baba."

Tukaendelea kutembea. Alikuwa mwepesi kidogo, hata akapiga mluzi, na mimi nilitembea nyuma yake nikiangalia chini.

Nimejiambia miaka yote kwamba aibu ndiyo iliyonizuia kushuka. Ni kweli, lakini si yote. Nilikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza sikuwa kwenye uzio, na sikutaka mtu yeyote anirudishe pale, hata yeye. Na upepo haukugeuka. Ulikuwa unatoka ziwani kama kila siku, ukaubeba mlio wake juu ya uwanja mtupu, mara tatu, mpaka mgongoni mwa ng'ombe nilipokuwa nimekaa.