Wapueblo wa Mishomoroni

Kafedha Masha ni fundi wa nguo Mishomoroni, na ni nadra mtoto wa mtaa ule kuanza shule bila kupimwa mabega na mikono yake. Ni mcheshi, na Jumapili hakosi kanisani. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo majirani walikuwa wamelizoea hata hawaliulizi tena. Kafedha, Mgiriama kwa baba na kwa mama, hakusema Kigiriama. Wazee wa kwao wakimwamkia "Mwalamukadze," yeye huwajibu kwa Kiswahili na kuuliza hali za watoto. Hata Faith, binti yake kitindamimba aliyekuwa kidato cha tatu, alikua bila kubembelezwa kwa wimbo hata mmoja wa kwao.

Ilianzia mbali. Alipokuwa msichana huko Ganze, mwanafunzi aliyeponyokwa na neno la Kigiriama shuleni alivishwa kipande cha mfupa shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Kafedha alikuwa msemaji, basi mfupa ule ukawa kama mkufu wake. Siku moja alisimamishwa nao mbele ya shule nzima, na siku hiyo hiyo hawe, bibi yake, alikuja kumletea chakula. Mwanamke yule mzima, mwimbaji aliyeitwa kwenye kila ngoma, alimtazama mjukuu wake kisha akatazama chini. Aliweka chakula kivulini akaondoka. Kafedha hakusikia uchungu wa mfupa. Alisikia uchungu wa kule kutazama chini. Tangu hapo lugha ile ikamkauka mdomoni.

Mwaka jana Mwalimu Carolyne, mzaliwa wa Machakos anayefundisha historia katika sekondari ya mtaani, aliingia dukani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kwa sare, au leo ni gauni la harusi?"

Carolyne alicheka, akaeleza haja yake. Alitaka mavazi ya mchezo wa kuigiza wa tamasha la shule, na Faith alikuwa miongoni mwa waigizaji. Mchezo ulihusu Wapueblo, wenyeji wa Marekani waliotawaliwa na Wahispania zaidi ya miaka mia tatu iliyopita.

"Waliwatenda nini?" Kafedha aliuliza, mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

"Waliwatoza mahindi na kuwafanyisha kazi kwa nguvu. Mapadri wakawakataza ngoma zao na kuchoma vinyago vyao. Viongozi wao wa dini walikamatwa, wengine wakanyongwa, wengine wakachapwa viboko. Mmoja wa waliochapwa akatoka na wazo. Vijiji vyao vilikuwa vingi na lugha zao mbalimbali, basi wakapeleka wakimbiaji na kamba zenye mafundo. Kila siku unafungua fundo moja. Likiisha la mwisho, wote mnainuka."

Cherehani ikanyamaza. "Na wakainuka?"

"Wakainuka, mama. Wakachoma makanisa, wakawafukuza Wahispania nchi nzima. Wahispania walirudi baada ya miaka kumi na miwili, lakini hawakuthubutu tena kuwabana kama zamani. Hadi leo Wapueblo wapo, na lugha zao zinasemwa."

Kafedha alikumbuka simulizi ya nyumbani, namna Wagiriama nao walivyokula kiapo kumpinga Mwingereza, hadi kaya yao, boma lao takatifu la msituni, ikalipuliwa kwa baruti. Aliisikia kwa hawe, akaiacha ipite kama upepo.

Mazoezi yakaanza uani kwa Kafedha. Carolyne alikuwa na picha za wachezaji waliovaa vinyago, akataka vishonwe kama vile.

"Wenyewe wameruhusu?" Kafedha aliuliza.

Carolyne alikiri kuwa amesoma kwamba Wapueblo wengi hawataki ngoma zao takatifu zipigwe picha wala kuigwa.

"Basi tusiziguse," Kafedha akasema. "Walikufa kwa ajili yake. Sisi ni nani tuzichezee?"

"Sasa tutacheza nini, mama? Mchezo wote ni habari ya ngoma iliyokatazwa."

Kafedha aliweka mkasi chini. Alisimama katikati ya uwanja, akatikisa mabega kidogo kama mtu anayejaribu nguo ya zamani, kisha sauti ikamtoka. Ulikuwa wimbo wa mwanzele, ngoma ya kwao, wimbo wa hawe, kwa Kigiriama. Ubeti wa kwanza ulikwaruza. Wa pili ulisimama wenyewe. Wasichana walikaa wametumbua macho, na Faith akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mama! Kumbe unakijua?"

"Ninakijua, mwanangu," alisema, machozi yakimtiririka. "Nilidhani kimekufa."

Akawashonea hando, zile sketi za Kigiriama zenye marinda mengi, akawafundisha hatua.

Habari zikafika kwa Clifford, mfanyakazi wa bandari na mwenyekiti wa wazazi. Aliitisha mkutano. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na hofu ya kweli.

"Kwenye mchezo huu makanisa yanachomwa, mizimu inachezewa," alisema. "Watoto wetu tunawafunza nini?"

Carolyne alianza kujitetea, lakini Kafedha aliinuka.

"Baba, unanijua. Jumapili tunakaa benchi moja. Nilipojifunza kuomba, niliomba kwa Mulungu, kwa lugha ya hawe yangu, na alinisikia kabla sijajua Kiswahili. Kisha nikavishwa mfupa shingoni kwa sababu ya lugha ile ile." Akasimulia yote, hata kule kutazama chini, ambako hakuwahi kumsimulia mtu. "Damu ilimwagika pande zote, na watoto wataisema wazi. Lakini nao wajue watu huinuka wakikatazwa nini."

Clifford alivua miwani, akaipangusa kwa muda. "Mimi nilivishwa kibao shingoni huko Murang'a, kwa kusema lugha ya nyumbani," alisema taratibu. "Mtoto wangu hata jina la babu hajui maana yake." Kisha akauliza kama vijana wake wanaweza kusaidia kubeba ngoma.

Tamashani hawakushinda. Walitoka wa tatu, na jaji mmoja akawalaumu kwamba taa zilikuwa hafifu. Lakini wasichana walipofungua fundo la mwisho na mwanzele ikalipuka, wanawake wa safu za nyuma walisimama, wengine Wagiriama, wengine Wakamba, wakapiga vigelegele mpaka pazia likaanguka.

Siku hizi Jumamosi uani kwa Kafedha hapapitiki. Wasichana huja kujifunza nyimbo, na Carolyne ameanza kuleta za Kikamba za nyanya yake. Faith bado anakosea matamshi, na mama yake humcheka bila huruma. Wiki iliyopita mzee mmoja alipita njiani akaamkia, "Mwalamukadze!" Kafedha alitoa pini mdomoni, akamjibu kwa Kigiriama, tena kirefu, hata mzee akavuta kiti akaketi.